Mwezi wa Dona na Mbaazi, na Mikono Inayoviandaa

Mwezi mzima wa Julai, nyumbani kwetu Chikongola, mjini Mtwara, hakikuingia sukari, unga wa ngano, sembe, mchele mweupe, mafuta ya dumu wala kitu chochote cha pakiti. Mama alikuwa ameambiwa kliniki kwamba sukari yake ya damu imeanza kupanda. Haujawa ugonjwa, walisema, lakini dalili zipo. Akapewa ushauri ambao wengi mmeusikia: apunguze sukari, aache vilivyokobolewa, aongeze mboga na mikunde, atembee. Sasa mtu mzima wa miaka sitini na kitu humwachi ale peke yake chakula cha masharti huku ninyi mnakunywa chai na maandazi mbele yake. Tukakubaliana nyumba nzima tule sahani moja kwa mwezi mmoja, bila kulegeza.

Masharti niliyaandika nikayabandika ukutani jikoni. Kilichoruhusiwa ni kile ambacho ukikitazama bado unajua kimetoka shamba gani au maji gani: mtama, uwele, dona, muhogo, viazi vitamu, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta, korosho, nazi, samaki, mayai, kuku wa kienyeji, majani ya kila aina na matunda. Kuungia tulikuwa na chumvi, pilipili, ndimu, ukwaju na tangawizi. Vile vidonge vya kuungia mchuzi vilitoka, na nyanya za kopo zikatoka pia. Kwa mikoa yetu hii orodha kama hiyo haimnyimi mtu kitu. Ni mavuno ya kuanzia Newala na Masasi hadi Ruangwa, ukijumlisha na bahari yetu wenyewe.

Ndugu yangu aliye Dar es Salaam alinitumia mpango wa Kimarekani uitwao Whole30, ulioanza mwaka 2009, unaomtaka mtu akae siku 30 bila sukari, pombe, maziwa, nafaka za aina yoyote wala jamii ya kunde. Niliusoma wote. Una busara yake, hasa ile ya kuacha kabisa kwa muda ili ulimi ujifunze upya. Lakini kumtoa mtu wa kusini kwenye mbaazi na kunde ni kumnyang'anya kitoweo ambacho mwenye kipato kidogo anakimudu mwaka mzima. Tena kwa mtu ambaye sukari inapanda, mikunde ndiyo ya kukimbilia kwanza, kwa sababu wanga wake huyeyuka polepole tumboni na nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kwa hiyo sehemu hiyo tuliiacha.

Tulichofuata kiko karibu zaidi na fikra za Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, ambao tangu 2009 wanapanga vyakula kwa kuuliza vimefanywa nini kabla ya kufika mezani. Mwaka 2019 mtafiti wa Marekani, Kevin Hall, na timu yake walilipima jambo hilo kwa watu 20 waliokubali kulazwa. Kila mmoja alikula vyakula vya kiwandani wiki mbili na visivyo vya kiwandani wiki mbili, akijipakulia atakavyo. Wakati wa vyakula vya kiwandani walikula zaidi kwa takribani kalori 500 kwa siku, na uzito ukapanda karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha kuongeza. Nilimsomea mama matokeo hayo naye akasema hakuhitaji daktari wa Marekani kumwambia kwamba andazi halishibishi.

Siku za mwanzo nitazipitia haraka, maana kila aliyewahi kuacha sukari anazijua. Kichwa kinauma, hasira ziko karibu, saa nne asubuhi mwili unadai chai yake. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia kumi ya nguvu ya chakula chote cha siku, na ikiwezekana chini ya asilimia tano. Hiyo asilimia tano kwa mtu mzima ni gramu 25 tu. Soda moja imeshapita. Kufikia wiki ya pili papai lilikuwa tamu kuliko nilivyowahi kulijua, na chai ya tangawizi na mdalasini isiyo na sukari ikawa inanyweka.

Kifungua kinywa ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Julai ni msimu wa ming'oko, mizizi ya porini ambayo akina mama wanaichimba msituni, wanaichemsha na kuileta mjini kwenye mabeseni. Kama hujawahi kufika huku, ming'oko ni vizizi vyembamba, vyeupe ndani; unavimenya kwa vidole na kuvila na chumvi na pilipili. Watoto wa shule wanavinunua kama wenzao wa kwingine wanavyonunua biskuti. Asubuhi nyingine tulikula muhogo wa nazi, nyingine viazi vitamu na karanga za kuchemsha, nyingine uji wa mtama uliotiwa karanga zilizosagwa na tende badala ya sukari. Mpwa wangu, aliyezoea mkate na siagi ya kopo, alinuna siku chache kisha akawa wa kwanza kuulizia ming'oko.

Samaki walikuwa wa shida kidogo. Julai ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki kila siku. Nikishuka Feri, pale vinapoondokea vivuko vya Msangamkuu, kuna asubuhi nilikuta meza tupu na dagaa wakavu tu. Mama mmoja anayenifahamu akanielekeza: "Dada, usihangaike na maji mafu haya. Subiri bamvua, pweza watakuwepo." Maji mafu ni siku ambazo bahari haipwi mbali; bamvua ni zile inazopwa sana. Bamvua ilipofika, maji yakapwa mbali, na pweza walikuwepo kweli, wametoka miambani asubuhi hiyohiyo. Pweza wa kubanika kwa ndimu na pilipili, na kando ugali wa mtama na mlenda: sijui mkahawa wowote wa ghali utakaoleta sahani bora kuliko hiyo.

Lakini ming'oko na pweza siyo vilivyonifanya nikae kuandika haya.

Katikati ya mwezi, jioni moja nikiwa nakuna nazi baada ya kutoka kazini, mbaazi zikiwa jikoni tangu alasiri, kisamvu bado hakijatwangwa, mama alinitazama akasema: "Mwanangu, bibi yako alikula hivi maisha yake yote. Lakini bibi yako alikuwa na mabinti watano wa kutwanga. Wewe una nani?"

Swali hilo sijaweza kuliacha. Tunapozungumzia kurudi kwenye vyakula vya asili tunazungumza kana kwamba vimekaa tu vinasubiri tuvichague. Vinasubiri, ndiyo, ila vinasubiri na kazi yake. Mbaazi kavu zinataka kulowekwa usiku na kuchemshwa saa nyingi, na saa hizo ni mkaa. Huu ni mji wenye gesi asilia: imegunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, inasafishwa Madimba, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Jikoni kwetu na kwa jirani zetu wengi bado ni mkaa, na mkaa haushuki bei. Sembe inasongwa kwa dakika chache. Mtama lazima upepetwe, uoshwe, uanikwe, upelekwe mashine. Mafuta ya dumu unamimina. Tui unalipata baada ya kuvunja, kukuna, kukamua, kuchuja, la kwanza na la pili. Kiwanda kinapouza unga mweupe na mafuta ya dumu, kinauza muda. Na mteja wa muda huo ni mwanamke, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaulipa kwa mgongo wake. Simlaumu hata mmoja anayeununua.

Muhogo ndio unaolionyesha jambo hili waziwazi. Huku kusini muhogo ni kinga ya njaa, na ile mihogo michungu inapendwa shambani kwa sababu nguruwe na ngedere hawaisumbui sana. Uchungu huo unaendana na sumu ya sayanaidi. Wazee waliijua dawa yake bila kuijua kwa jina: kumenya, kuloweka au kuvundika, kuanika makopa mpaka yakauke kabisa, ndipo kutwanga. Kazi hiyo ikikatishwa, kwa ukame au njaa iliyowakaba watu, muhogo uleule unalemaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waligunduliwa wagonjwa wa konzo katika vijiji vya mikoa ya Mtwara na Ruvuma. Konzo hupooza miguu ghafla na haiponi. Huwashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa pale ambapo watu wanakula muhogo mchungu kila siku bila samaki, nyama wala mikunde ya kutosha. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Nampula, Msumbiji, mlipuko mkubwa ulitokea mwaka 1981 wakati wa ukame.

Na njia waliyofundishwa akina mama wa vijijini ni nyepesi kiasi kwamba inafaa kila jiko huku liijue. Unga wa muhogo mchungu unaloweshwa kwa maji, unatandazwa tabaka jembamba kwenye sinia au mkeka, unaachwa juani saa mbili au kivulini saa tano, sumu inaruka hewani, kisha unga huo unasongwa siku hiyohiyo. Nimeandika hivi kirefu kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema chakula bora ni kile ambacho hakijafanyiwa kitu. Muhogo mchungu ambao haujafanyiwa kitu unaua. Korosho nayo ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na haiwezi kuliwa mpaka ibanguliwe na mtu anayejua anachofanya. Kuna kazi inayokitoa chakula ubora wake, kama kukoboa mahindi mpaka kiini na kapi vyote viende kwa kuku, na kuna kazi inayokipa chakula uhai wake. Hizi mbili hazifanani, na inayotakiwa kwenye muhogo ni ile ya pili.

Mafuta nayo yana historia ya mji huu ambayo wengi wetu hatuihusishi na kikaango. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa wamebanwa na mgao wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ndipo ilipojengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuzileta pwani. Karanga hazikuja. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikutabirika, mitambo iliharibika, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina lake limebaki kwenye kata ya Reli. Bandari ikabaki, na sisi tukabaki pembeni yake. Mtwara mnayoiona leo imekuzwa na hamu ya watu wa mbali ya kupata mafuta ya kupikia.

Leo shehena zinazoondoka ni nyingine. Korosho zetu nyingi zinasafirishwa zikiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam. Ufuta, ambao karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, unavunwa hapahapa Lindi na Mtwara, unauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, unapanda meli. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilomita chache kutoka nyumbani kwetu, ndicho kinachobeba utafiti wa korosho, karanga na ufuta kwa nchi nzima. Kisha jioni mimi naenda dukani kununua mafuta ya mawese yaliyovuka bahari. Mwezi huu sikununua. Tulitumia tui, karanga zilizotwangwa na ufuta uliokaangwa bila mafuta ukasagwa, na sahani hazikupungukiwa kitu. Mchicha wa karanga na mlenda wa ufuta ni vyakula vilivyokomaa.

Mbaazi pia zimepitia njia hiyo. Wakulima wa kusini walizipanda kwa wingi kwa kutegemea soko la India, na mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, bei ilianguka, magunia yakakaa majumbani. Nakumbuka watu wakisema mbaazi hazina soko, wakati mjini familia zilikuwa zinakula wali mkavu na mchuzi wa vidonge. Soko lilikuwepo, mtaani kwetu. Lilichohitaji ni mtu wa kuziloweka na kuzichemsha.

Kuna jambo moja nilikataa kulifuata, nalo ni chumvi. Wapo wanaosema chumvi ya mabonge ya pwani ndiyo ya asili na ile ya madini joto ni ya kiwandani. Chumvi yetu iliendelea kuwa ya madini joto, na itaendelea. Rovu na watoto waliozaliwa na akili dhaifu kwa kukosa madini hayo ni gharama ambayo hakuna usafi wa chakula unaoweza kuihalalisha. Tulichofanya ni kupunguza kiasi.

Matokeo? Mama alipungua tumbo, akawa halali mchana, na alisema magoti yamemwia mepesi. Vipimo vilivyofuata kliniki vilikuwa vizuri kuliko vya kwanza. Muuguzi alimpongeza na kumwambia aendelee, na aendelee pia kupima. Siwezi kuwaambia ni dona au ni kule kutembea jioni hadi Ligula na kurudi. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kubadili sembe kwa muhogo peke yake kusingetosha, maana ugali wa muhogo ni wanga uleule, na bonge kubwa linapandisha sukari hata kama umetwangwa na bibi. Kilichosaidia ni kugeuza sahani: ugali wa kiasi cha ngumi, mbaazi na majani vikachukua nafasi iliyobaki. Mwenye sukari iliyokwisha kuwa ugonjwa, anayemeza dawa, aongee na daktari kabla ya kugeuza chochote, kwa sababu dawa na chakula hupimwa pamoja.

Baada ya mwezi kwisha hatukurudi tulikotoka, na pia hatukubaki kwenye ukali uleule. Chapati na maandazi ni vya wageni na sikukuu. Wali umerudi Ijumaa. Sembe haikurudi, jirani mwenye mashine anatusagia dona na mtama, na kwa kuwa tunakwenda kaya kadhaa pamoja, anasafisha mashine mara moja kwa ajili yetu sote. Kazi tuliigawa upya, na hili ndilo badiliko ninalolithamini kuliko yote. Mdogo wangu wa kiume sasa anakuna nazi. Mwanzoni alikuwa anafunga mlango rafiki zake wasimwone amekalia mbuzi, mama akamwambia, "Baba, wewe unakula tui, si ndiyo? Basi fungua mlango." Mpwa wangu analoweka mikunde kabla ya kulala. Mbaazi tunachemsha sufuria kubwa mara moja, tunazila kwa siku kadhaa, na mkaa umepungua.

Kisamvu sitwangi tena. Pale Soko Kuu kuna mama anauza kilichokwisha kutwangwa, cha mafungu, kibichi na safi, amekitwanga tangu alfajiri na binti yake. Wengine wanamwomba apunguze kwa sababu majani ya muhogo, wanasema, hayauzwi bei hiyo. Mimi namlipa anachotaja. Juzi nilimuuliza kama anaweza pia kuuza mbaazi zilizochemshwa, kwa kikombe, jioni watu wanapotoka kazini. Alifikiri kidogo, akaniuliza ningenunua vikombe vingapi kwa wiki, na kama wenzangu wa ofisini wangechukua. Nikampa idadi. Anaanza mwezi ujao, mbaazi mpya zikishuka kutoka Masasi.